Gita Lililoita Zamu

Nyumbani kwa Stanislas Kalaba, pale mtaa wa Bel-Air, palikuwa na vitu viwili ambavyo majirani walimwomba Mungu aviondoe: jogoo aliyewika saa anayotaka mwenyewe, na mashine ya binti yake Adolphine. Jogoo aliliwa Krismasi. Mashine ilibaki, na kelele zake zikazidi.

Lilikuwa sanduku la chuma lenye vifundo vingi usoni na makanyagio mawili chini. Unachomeka gita upande mmoja, spika upande wa pili, halafu unapiga uzi. Gita linasema ting. Sanduku linalifikiria neno hilo kidogo, kisha linatoa sauti ambayo si ya gita hata kwa mbali: filimbi, au trekta, au nyuki waliofungiwa ndani ya pipa, au bibi kizee anayeimba huku amebana pua. Fundi mmoja Mbelgiji aliyekaa mtaa wa Makomeno alilileta kwenye kibanda ambamo Adolphine alitengeneza redio za watu, akaenda likizo kwao, asirudi. Baadaye alimtumia salamu kwamba sanduku ni zawadi, maana mkewe ameapa kitu kile hakitakanyaga tena sebule yake.

Adolphine alikuwa msichana mrefu, mwenye vidole vilivyoungua kwa lehemu na kicheko kilichotangulia maneno yake. Wazo lake lilikuwa moja tu, na lilimkosesha usingizi kwa furaha. Alitaka kuichukua kalindula, ile ngoma ya watu wa ziwa Mweru inayomfanya hata mgonjwa atikise bega, aiingize ndani ya sanduku kwa mlango huu, itoke kwa mlango ule ikiwa ngoma ambayo hakuna mguu duniani uliowahi kuicheza. Sanduku lenyewe lilikuwa na kasoro: lilifuata uzi mmoja tu kwa wakati. Ukipiga nyuzi mbili pamoja linachanganyikiwa, linaanza kwikwi. Waliolitengeneza bila shaka waliionea haya kwikwi ile. Adolphine aliifundisha kufika kwenye mapigo, na tangu hapo akawa na mpiga ngoma asiyeomba chakula.

Lakini sanduku bila gita ni bubu, na gita lilikuwa la baba yake. Stanislas alifanya kazi miaka thelathini kwenye tanuri za kampuni ya shaba, akastaafu na mapafu mabovu na kidole gumba cha ajabu. Kwenye kitambulisho alikuwa Kalaba tu, kwa sababu miaka ile Chama kilichotawala kilikuwa kimepiga marufuku majina ya ubatizo, ila uani kwake alibaki Stanislas, na mkewe akabaki Jeanne, na hakuna aliyekwenda kuwashtaki. Gita lake halikulingana na gita lolote mjini, na sababu yake kila mtu wa mtaa aliijua. Mzee hakuwa na kinanda wala filimbi ya kurekebishia nyuzi. Alikuwa na king'ora. Kila mchana, kabla king'ora cha kampuni hakijaita zamu ya pili, alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha mbao, gita mapajani. King'ora kinaanza chini, kinapanda, kinapanda, kikifika kileleni kinakaa pale muda mrefu. Naye anapiga uzi wa pili huku anakaza ufunguo, mpaka uzi na king'ora viwe kitu kimoja. Kutoka hapo anazipanga nyuzi nyingine. Alikuwa akisema kanisa lina kinanda, yeye ana kampuni.

Siku Adolphine alipomsikilizisha mashine kwa mara ya kwanza, mzee alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Mama Jeanne akaleta maji. Alipopata pumzi akasema, "Rudisha ile ya nyuki." Wiki ileile akamruhusu binti yake abandike kinasa-sauti kwenye tundu la gita, na wakawa wanapiga pamoja barazani, mzee vidole, binti vifundo, mpaka majirani wakaanza kumkumbuka jogoo kwa mapenzi. Halafu mvua za kwanza ziliponyesha, Stanislas akalala asiamke.

Sasa hapa ndipo mambo yalipokaa vibaya. Stanislas alikuwa wa ukoo wa Samaki, watu wa Kilwa, ile ya kando ya ziwa Mweru, na kwa Samaki mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mali ya mwanaume haiendi kwa watoto wake, inaenda kwa mtoto wa dada yake. Mama Jeanne naye alitoka kaskazini, kwa Baluba wa kando ya reli, Wakatoliki wa kusali rozari hata kwenye foleni ya mkate, na kwao mtoto ni wa baba. Basi wajomba walisema Adolphine ni wa kwa baba yake, na shangazi walisema ni wa kwa mama yake. Sherehe ikiwa ya upande huu au ule, alipokelewa kama mgeni, akapewa kiti kizuri na soda baridi. Kiti kile kizuri kilimuuma kuliko kukaa chini.

Na aliyemuuma zaidi ni Ngosa. Mzee Ngosa alikuwa wa ukoo wa Mamba, na mamba na samaki ni watani tangu maji yalipoumbwa. Alikuwa amefanya kazi tanuri moja na Stanislas, na hakuna Samaki aliyepita mbele yake akabaki na heshima. Marie-Thérèse, dada mkubwa wa Stanislas, mama mzima mwenye wajukuu, Ngosa alimwita dagaa. Kapya, mtoto wa Marie-Thérèse, alimwita kambale aliyenyimwa ndevu. Walimrudishia matusi, wakacheka, wakampa chakula. Lakini akimwona Adolphine, Ngosa alivua kofia. "Bonjour, mademoiselle Adolphine. Mama iko muzima?" Adolphine alikuwa tayari kutoa jino apate tusi moja tu.

Jumapili ya kumaliza kilio, baada ya misa, ua ulijaa. Wazee wa tanuri walikaa kwenye mabenchi, akina mama wakasonga ugali wa bukari kwenye masufuria makubwa ya kutosha kuogesha mtoto, togwa ya munkoyo ikazungushwa kwa vikombe. Vijana wa zamu ya mchana walikuja na mabuti miguuni na kofia za chuma chini ya benchi, wapate kula na kuondoka king'ora kikiita. Mwansa, jirani wa ukuta mmoja, alileta ngoma yake na chupa tupu na kijiko.

Shangazi Marie-Thérèse, tantine wa ua mzima, akasimama kugawa vitu vya marehemu. Koti kwa huyu, baiskeli kwa yule. Mwishoni akanyanyua gita.

"Iyi inaenda kwa Kapya," akasema. "Iyi njo namna ya kwetu. Kapya, kuya shika. Mujomba wako hakukuwa na kintu ya kupita iyi."

Kapya akaja. Ubaya wa Kapya ni kwamba hakuwa mbaya. Alikuwa mfanyabiashara ya samaki mwenye uso wa duara na roho safi, hata kumchukia kulikuwa kazi. Alimwona binamu yake ameinamia sahani, akamsogelea kumfariji.

"Dada, usisikitike. Ile kamba yako na kile kichuma nitabitosha pole-pole, nitakuachia. Kesho camion inapanda Kilwa, nitafunga gita muzuri katikati ya mifuko."

"Na kule Kilwa kuko courant?" Adolphine akauliza, akiufikiria umeme wa sanduku lake.

"Courant ya nini? Kuko mbalamwezi."

Adolphine alilitazama gita mikononi mwa tantine. Alikuwa amejaribu magita mengine, ya kuazima na ya kukodi, na sanduku liliyajibu kwa uvivu. Hili tu sanduku lililijibu kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Na shingo la gita hili lilikuwa limelika mahali pa kidole gumba cha baba yake, shimo dogo ambalo kidole chake mwenyewe kililala humo bila kuambiwa. Alilitaka gita lile kwa moyo wote, na kesho lingekuwa juu ya lori, limelala na samaki wa chumvi.

Kapya alinyoosha mkono. Kabla hajashika, fimbo ilitokea pembeni, ikanasa mkanda wa gita, ikalivuta. Ngosa alilipokea kifuani, akachechemea mpaka kwenye kiti cha Stanislas ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia tangu mazishi, akakaa kwa kishindo.

"Samaki bote, mufunge kinywa," akasema. "Marehemu alikuwa mutani wangu. Alikuwa mubaya wa sura, na choyo alikuwa nayo. Siku moja alikunywaka munkoyo yangu yote wakati minalala, na alikufa bila kuniomba pardon. Sasa minakamata gita yake."

Uani pakapasuka kicheko. Mama Jeanne mwenyewe, aliyekaa mkekani na kitambaa cheusi kichwani, alicheka mpaka akashika ubavu, na ilikuwa mara yake ya kwanza tangu mumewe azikwe. Hakuna aliyekasirika, mtani akinyakua kitu kilioni hakasirikiwi, ndiyo kazi yake. Ila kitu alichonyakua si cha ukoo tena mpaka Samaki akikomboe, na bei anaitaja yeye. Kwa kawaida ni kuku.

"Kuku niko nayo," akasema Ngosa. "Miye minataka kintu ingine. Samaki atakayenisimamisha pa iyi kiti na muziki, gita ni yake. Wakishindwa kunisimamisha, minaenda nayo kwangu. Nitafanya nayo mutego ya panya."

Kicheko kikapungua, maana wote walimjua. Ngosa alikuwa hasimamii muziki. Enzi zile Chama kiliwachezesha watu wote, wakubwa kwa wadogo, viwanjani, kazini, mbele ya wageni. Unacheza na unatabasamu. Ngosa alikaa. Vijana wa Chama walimjia, wakamsema, wakamshika makwapa. Akawaambia goti linamuuma, na goti hilohilo lilimpeleka kwa baiskeli mpaka Kipushi, mji mwingine kabisa, na kurudi. Mwishowe walimwacha. Kama Chama kilishindwa naye, gita litafanya nini?

"Tunakubali," akasema tantine Marie-Thérèse, aliyependa mchezo kuliko haki. "Kapya, anza."

Kapya alilipokea gita kwa Ngosa, akazizungusha zungusha funguo zake mpaka nyuzi zikakaa anavyojua yeye, akapiga wimbo mtamu wa ziwani. Alipiga vizuri, tusimnyime haki yake. Akina mama waliyumba na masufuria yao. Ngosa aliomba kijiti, akachokoa meno.

Kapya alipomaliza, akamrudishia Ngosa gita. Adolphine akajikuta amesimama.

"Kaa, Adolphine," Mama Jeanne akasema chinichini. "Iyi ni mambo ya Samaki."

"Na miye niko nini, mama?"

Mama Jeanne alimtazama binti yake, kisha akampokonya sahani mkononi ili mikono yake iwe mitupu.

Adolphine akaenda kupokea gita. Ngosa akavua kofia. "Mademoiselle Adolphine," akasema, na akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu ileile ya kumkatisha mtu tamaa.

Waya ukapitishwa dirishani, spika ikawekwa juu ya pipa, sanduku likawashwa. Sauti ya kwanza iliyotoka ilikuwa ya ng'ombe anayezama. Mbwa wa Mwansa aliruka ukuta ambao siku zote alidai ni mrefu. Mzee mmoja alimwaga munkoyo kwenye suruali ya misa. Watoto walianguka chini kwa raha, wakaomba ng'ombe arudi.

Adolphine aligeuza kifundo, akapiga nyuzi mbili pamoja, na sanduku likashikwa na kwikwi. Hik. Hik-hik. Mwansa aliijua kwikwi ile kwa kupitia ukuta, miezi mingi, akitaka asitake. Kijiko chake kikaidaka kwenye chupa, mkono mwingine ukashuka kwenye ngoma. Na kalindula ikaingia mlango wa sanduku. Ilitoka upande wa pili ikiwa na matumbo ya chuma na miguu ya kuku, ikicheka, ikijikwaa na kuinuka kabla haijaanguka. Mama mmoja aliacha mwiko ndani ya bukari. Mwingine akasema huu si muziki, ni ugonjwa, na akawa amekwisha kuambukizwa, kiuno kinakwenda. Baadhi ya vijana wa mabuti walipiga vumbi mpaka kofia za chuma zikagongana chini ya benchi.

Ngosa alikaa. Kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilianza kupiga chenyewe. Akakikandamiza kwa fimbo. Kikatulia.

Adolphine alijaribu filimbi. Alijaribu trekta. Alijaribu bibi kizee wa kubana pua, na watu wakalia kwa kucheka, na Ngosa akapiga mwayo mpana, mwayo wa mamba kweli. Jasho likamwingia machoni. Zaidi ya yote, kulikuwa na kitu kinachomsumbua sikioni: uzi wa pili. Kapya alikuwa ameulegeza. Gita zima lilikuwa linasema uongo kidogo, na yeye, aliyelijua tangu utotoni, hakuweza kuendelea hivyo.

Akamwashiria Mwansa anyamaze. Akaweka kifundo kwenye sauti ya nyuki, ile aliyoipenda baba yake, akakanyaga kanyagio la kushikilia sauti ili asikie vizuri. Akafumba macho. Hakuwa na cha kurekebishia ila kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo alikuwa nayo mifupani, maana hakuna mchana wa maisha yake ambao haukuwa na king'ora ndani yake. Akapiga uzi wa pili, akaanza kukaza ufunguo polepole. Sauti ikaanza chini. Ikapanda. Ikapanda. Nyuki wote wa pipa wakapanda nayo, juu ya masufuria, juu ya ukuta, mpaka ikafika kileleni, palepale baba yake alipokuwa akiisubiri, ikakaa.

Akafumbua macho kuona kama watu wamechoka kungoja. Ua mzima wa wazee ulikuwa umesimama. Vijana wa zamu tu, waliokuwa wakiutazama mkono wake kwenye ufunguo, walibaki mahali pao.

Walisimama pamoja, benchi kwa benchi, vikombe mkononi, wakitafuta kwa macho mahali walipoacha mabuti yao ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Mmoja alikuwa amekwisha kufika lango kuu, mkewe anamvuta shati: "Papa, weye uko pensionné." Na mbele ya wote, wa kwanza kuliko wote, wima kama siku aliyoajiriwa, alikuwa Ngosa, mkono wake unapapasa hewani kuelekea kichwani akitafuta kofia ya chuma aliyoirudisha kwa kampuni zamani.

Mkono ulikuta kofia ya misa. Ngosa akaganda. Akatazama chini, akaona miguu yake imesimama bila kumwuliza.

Wa kwanza kucheka alikuwa tantine Marie-Thérèse. Alicheka akatafuta pa kushika, akakuta kiti cha Stanislas kitupu nyuma ya Ngosa, akakikalia. Ngosa alipotaka kurudi kukaa kana kwamba hakuna kilichotokea, alikuta mapaja ya dagaa.

"Hapana!" Kapya akasema. "Amesimama ju ya sirène, haiko ju ya muziki. Iyi haikuwa muziki."

"Sasa njo itakuwa," akasema Adolphine, naye akageuza kifundo.

Hakukizima king'ora. Alikiacha kileleni, akakishika kwa kanyagio, akakikatakata kwa kwikwi, na chini yake akapitisha kidole gumba cha baba yake, ule mtembeo wa uzi wa chini unaokwenda na kurudi kama mtu anayetoka kazini na mshahara mfukoni. Mwansa akaanguka juu ya ngoma. Wazee waliokuwa wamesimama kwenda tanurini waliona hakuna pa kwenda, na miguu ilikuwa imekwisha kuamka. Wakacheza. Walicheza kazi yao yote: walichochea, walivuta, walikwepa cheche, walijifuta paji la uso kwa kipigo. Ngosa alijaribu kubaki mti. Goti lake, lile goti maarufu, ndilo lililomsaliti. Lilikunjika kwa kwikwi ya kwanza, likanyooka kwa ya pili, na baada ya hapo akawa mali ya goti. Alicheza vibaya mno. Alicheza kama mtu aliyeweka akiba ya kucheza tangu uhuru na sasa ameamua kuimaliza yote leo. Kapya alikuwa bado anabisha, mdomo unasema hapana, lakini mkononi mwake kulikuwa na kijiko, na kijiko kilikuwa kinampigia Mwansa chupa.

Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Siku ile hapakuwa na wa kutunza, wote walikuwa wachezaji.

Ndipo Adolphine alipoacha nyuzi ili afute jasho, akatoa mguu kwenye kanyagio, akainua mikono yote miwili usoni. Na king'ora kikaendelea.

"Ongeza, Adolphine!" vijana wa mabuti wakapiga kelele. "Ivyo-ivyo!"

Adolphine aliishusha mikono, akaitazama. Akawaonyesha viganja. Watu wakashangilia, wakaona ni mbinu nyingine. King'ora kilikuwa kinatoka kule kwenye bomba refu la kampuni, kinapita juu ya mabati ya Bel-Air kama kila mchana, na juu ya mapaja yake uzi wa pili, ambao hakuna aliyeugusa, ulikuwa unatetemeka wenyewe. Ulitetemeka, kinasa-sauti kikausikia, sanduku likaufikiria kidogo, na nyuki wa pipa wakaimba na king'ora sauti moja, bila ufa katikati.

Mama Jeanne alisimama mkekani. Alikuwa wa kwanza kuelewa. "Ni Stanislas," akasema. "Iko anarekebisha gita yake." Alisema kama anayetaja jambo la kila siku, kisha akajifunika uso kwa kitambaa, na Adolphine akalia naye, machozi na kicheko vikigombania mlango mmoja.

Wa pili kuelewa walikuwa vijana wa zamu. "Eh, bandugu, iyi ni ya kweli," mmoja akasema, na pakawa vurugu. Waliokota kofia za chuma, zao na za wenzao, wakatimua mbio langoni. Mmoja aliondoka na mwiko. Walikimbia, lakini Mwansa na Kapya hawakuwa wameacha kupiga, basi walikimbia kwa mapigo, hik, hik-hik, mpaka mwisho wa barabara, na msimamizi wa zamu anajua mwenyewe walimweleza nini.

King'ora kikashuka, kikafa. Watu wakapumua. Adolphine alilikumbatia gita kifuani kwa mikono yote miwili na akamtazama tantine Marie-Thérèse, ambaye sasa hakuwa anacheka tena.

"Mutoto wangu," tantine akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, "umetufurahisha bote. Mais lazima niseme namna iko. Ngosa alisema Samaki. Mutani anachezaka na Samaki. Weye uko wa kwa mama yako. Gita ya kukomboa kwa Mamba, ni Samaki njo anakombolaka. Tusiharibu desturi."

Hakuna aliyemzomea, maana alisema kweli. Kapya aliweka kijiko chini, akakitazama. Adolphine aliona mikono yake inaanza kulegea juu ya gita, yenyewe, kwa adabu ambayo amefundishwa maisha yake yote. Akageuka kumpelekea Ngosa. Alikuwa tayari ameshaiona kofia ikivuliwa.

Ngosa alikuwa ameegemea fimbo, anahema, shati limemganda. Aliinua mkono kwenye kofia. Akaishika. Halafu akaikandamiza kichwani mpaka masikioni.

Akamsogelea Adolphine karibu sana, akanyoosha pua, akanusa. Akanusa bega, akanusa nywele, akarudi nyuma na kujipepea uso kwa mkono.

"Eh, Marie-Thérèse, pua yako imekufa?" akasema, na ua mzima ulimsikia. "Iyi harufu ni ya nini? Stanislas alikuwa anaoza, weye unaoza, Kapya njo usiseme. Na uyu mwembamba hapa, wa kufungafunga kamba, ananuka kupita beye bote. Minamuheshimu miaka yote nikizani ni muntu. Kumbe samaki moja ikioza, yote inaoza."

Kapya ndiye aliyeanza kupiga makofi. Tantine Marie-Thérèse alijaribu kushika uso wa desturi, ukamponyoka; alijipigapiga mapaja juu ya kiti cha kaka yake, akisema "Basi, basi, mutani amesema." Mama Jeanne alisimama na kitambaa mdomoni.

Wote wakamngoja Adolphine, kwa sababu tusi la mtani halilali bila jibu, na anayeshindwa kujibu ni nani ila mgeni. Alitazama meno mawili yaliyobaki kinywani mwa Ngosa, akavuta pumzi, akakaza mkanda wa gita begani.

"Na weye, mamba muzee," akasema, "utanikula na nini? Meno yako yote ilibakia ku tanuri."